Siku ya Nyumba Kupumua

Wifi alianza na kabati la vyombo. Hata begi lake lilikuwa bado sebuleni halijafunguliwa vizuri, naye ameshatoa kila sufuria, kila sahani na kila kifuniko kilichopotelewa na sufuria yake, akavipanga uani juu ya mkeka, halafu akamwita mke wa kaka yake aje aone. Hakugomba. Alishika tu kikombe kimoja kilichovunjika mkono, akakigeuza juani, akauliza kwa upole kinasubiri nini humu ndani.

Mke wa kaka yake alicheka kwa aibu. Mtaani walimwita Mpiga Pasi, kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya kwenye duka la dobi nyuma ya soko, akisimama kutwa nzima kunyoosha mashati ya watu asiowajua. Alikuwa akirudi jioni miguu imevimba, na nyumba inamsubiri vile vile alivyoiacha: sare za shule chini ya kochi, maji yaliyolala kwenye ndoo, utando wa buibui kila pembe. Mumewe, fundi friji, alikuwa akiingiza vipuri vyake mpaka chumbani. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa amesimama mlangoni na soksi moja mkononi, akiuliza ya pili iko wapi, na wote walitakiwa waache walichokuwa wakifanya waitafute.

"Wifi yangu, wewe si mvivu," wifi alimwambia. "Huna ratiba tu. Nyumba ikikosa ratiba inakukimbiza mwenyewe."

Wakaipanga pale pale uani, vyombo vikikauka. Jumatatu kufua. Jumanne makabati na utando. Jumatano jioni sakafu: kufagia, kudeki, kupaka nta, ikauke usiku watu wakiwa wamelala. Alhamisi, wifi alisema, hakuna kazi. Alhamisi nyumba inapumua. Madirisha wazi, kila kitu mahali pake, na mtu asikae sebuleni mpaka jioni. Watoto wakitoka shule wapitie kwa jirani, fundi cherehani, wasubiri huko.

"Kwani nyumba yetu ina pumu?" aliuliza mtoto wa kiume, aliyekuwa darasa la pili. Baba yake alicheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo watoto walimpa shangazi yao jina la Inspekta, na mwenyewe alilipenda.

Mpiga Pasi aliifuata ratiba ile kama dawa ya hospitali. Na kweli nyumba ilibadilika. Sare zilikuwa zimekunjwa, kila soksi ina mwenzake, vipuri vya friji vimehamia kwenye banda la nyuma. Alichokipenda kuliko vyote ni sakafu. Saruji ile aliilipia yeye, kwa mshahara wake, miaka ambayo mumewe alikuwa hana kazi ya kueleweka. Nta nyekundu ya dukani ilikuwa inang'aa mno na kuonyesha mabaka, kwa hiyo yeye aliiyeyusha na mafuta ya taa kidogo, akachanganya na dawa nyeusi ya viatu, mpaka ikapata wekundu mzito kama wa ini. Hakuna mwingine mtaani aliyefanya hivyo. Majirani walikuwa wakichungulia mlangoni na kuvua viatu bila kuambiwa.

Kazini aliwasimulia wenzake. Kulikuwa na mfuaji mmoja mwanamke, mnene, mcheshi, waliyemwita Povu. Alimsikiliza mpaka mwisho huku akikamua shuka.

"Wifi anayekudekia nyumba?" akasema. "Huyo mweke kwenye kioo, watu wawe wanalipa kiingilio."

Wakacheka wote. Mpiga Pasi naye akacheka, lakini akamtetea wifi yake. Alisema si kila wifi ni yule wa kwenye hadithi.

* * *

Vitu viwili tu vilimkwaza, na vyote alivimeza.

Cha kwanza ni nguo zake. Wifi alimweleza, kwa sauti ya mtu anayekusitiri, kwamba nguo zake zinanuka ile dawa ya kutolea madoa kule kazini, na harufu inahamia kwenye nguo za watoto. Kwa hiyo kila Jumatano usiku azikusanye zote kabatini, magauni, khanga, mpaka viatu vyake na kitana, atie kwenye mfuko mmoja mkubwa, naye wifi ataupeleka bandani upigwe na upepo. Alhamisi jioni atarudishiwa. Mpiga Pasi alijinusa mkono wa gauni mara nyingi siku hiyo, akisimama mbali kidogo na wateja. Hakusikia harufu yoyote zaidi ya joto la pasi. Lakini mtu hawezi kujinusa mwenyewe, akajiambia, na wifi hana sababu ya kudanganya.

Cha pili ni picha ya harusi. Ilikuwa ukutani juu ya kochi, kioo chake kina ufa. Wifi aliiteremsha siku ya utando, akasema ataipeleka kwa fundi wa fremu. Pale ukutani pakabaki mraba mweupe. Baadaye mraba nao ukapakwa chokaa. Alipomuuliza mumewe picha imefikia wapi, mumewe alisema mafundi wa siku hizi ni waongo, akaendelea kula.

Mumewe alikuwa mtu wa maneno machache, na kwa miaka yote mkewe aliuchukulia ukimya ule kuwa ni utulivu. Sasa ulikuwa umejaa kitu kingine. Nyumba ile aliachiwa na mama yake, yeye na dada yake pamoja. Dada alikuwa amemjia na neno moja: tuuze, tugawane, wewe ufungue karakana yako ya maana, uache kubeba vifaa mgongoni. Alipouliza na mke wangu je, dada akamjibu kwamba wanawake huambiwa mambo yakiisha, wakilia wanalia mara moja. Fundi friji alilikubali hilo bila kusema ndiyo. Alijipangia kwamba siku ikifika atamtafutia mkewe chumba cha kupanga kizuri, chenye bomba ndani, kisha atamwambia ni uamuzi wa ukoo. Kila Jumatano alimwona mkewe amepiga magoti anasugua sakafu ile, naye alikuwa akitoka nje kwenda kutazama barabara.

* * *

Jumatano moja mtoto wa kiume alishikwa na homa. Mama yake alishinda naye jioni yote, akimpangusa kwa kitambaa cha maji, na sakafu ikalala bila nta. Alfajiri homa ikashuka. Mpiga Pasi hakutaka wifi aone ratiba imevunjika, hasa kwa kuwa wifi hakuwa amechoka kumwambia kwamba ratiba ni nidhamu. Akadeki haraka, akapaka nta yake, akakusanya nguo zake kwenye mfuko kama kawaida, akampeleka mtoto kwa jirani, akaenda kazini. Hakumwambia mtu. Sakafu ilikuwa inang'aa vizuri kwa macho. Nta ya mafuta ya taa, hata hivyo, inataka kulala usiku kucha. Ukiikanyaga mapema, inakufuata.

Jumamosi dukani aliingia mwanamke wa miwani, mwalimu kwa namna alivyozungumza, akiwa na kapu la nguo. Akatoa soksi nyeupe za kiume, akazigeuza nyayo juu kwenye meza.

"Mama, hizi nimezifua mwenyewe mara mbili, nimeshindwa. Zinaweza kutoka?"

Nyayo zilikuwa nyekundu. Si nyekundu ya udongo wala ya nyanya. Mpiga Pasi aliinua soksi moja karibu na uso, kama alivyofanya kwa kila doa, maana doa hujulikana kwa harufu kabla ya rangi. Akasikia mafuta ya taa. Nyuma yake akasikia dawa ya viatu.

Aliuliza zimepatwa na nini. Hakuuliza kwa ujanja. Ndilo swali wanaloulizwa wateja wote.

Mwanamke wa miwani akasimulia kwa furaha ya mtu aliyepata alichokitafuta. Yeye na mumewe wametafuta nyumba ya kununua muda mrefu. Moja waliikosa kwa sababu mwenye nyumba alikuwa anauza mkewe hajui, ikawa kesi, wakaponea chupuchupu. Safari hii wamepata kwa ndugu wawili, kaka na dada, nyumba ndogo lakini safi, unaweza kulia chakula sakafuni. Wameshakwenda mara kadhaa, kila mara Alhamisi, kila mara wanaikuta hivyo hivyo. Safari ya mwisho walivua viatu mlangoni, wakanasa kwenye nta.

"Na mwenyewe ni mgane, masikini," akaongeza, akishusha sauti. "Mkewe amefariki, amemwachia watoto wawili. Ukiingia kwenye kabati la chumbani hakuna hata khanga ya mwanamke. Mume wangu alitaka kuhakikisha, unajua wanaume. Mimi niliona haya, kufungua kabati la mtu mwenye msiba."

Povu alikuwa amesimama karibu na beseni. Alimwona mwenzake ameshika ukingo wa meza, akadhani ni uchovu.

"Zitatoka," Mpiga Pasi alisema. "Zinahitaji muda."

"Alhamisi tunarudi huko kumalizana nao. Nitazipitia Ijumaa."

"Usihangaike. Zitakufikia."

Mteja alipoondoka, Mpiga Pasi alirudi kwenye pasi yake na kunyoosha shati lile lile mpaka likawa kama karatasi. Povu alimuuliza kama anaumwa. Akasema haumwi. Alikuwa anafikiri kwamba mtu akifa huwa anaoshwa, na yeye ameoshewa nyumba, kwa mikono yake mwenyewe, kila wiki.

* * *

Jioni alirudi nyumbani. Alikaa kitandani na binti yake, mtoto wake wa kwanza, wakakunja nguo. Binti alikuwa na akili ya kimya kama ya baba yake. Mama akamuuliza, bila kumtazama, kama amewahi kuwaona wageni wa Alhamisi.

Binti alikunja mkono wa shati, akaukunjua, akaukunja tena. Kisha akaeleza. Siku moja alitoka shule mapema, akawakuta sebuleni. Shangazi alimvuta jikoni akamwambia hao ni watu wa msaada, wanasaidia kutengeneza mapaa ya nyumba za watoto wasio na mama. Wakiuliza, aseme mama amefariki. Ni kwa ajili ya paa tu. Wakamuuliza. Akasema.

"Baba yako alikuwa wapi?"

"Alikuwepo. Amesimama dirishani."

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu, mama." Binti aliliweka shati chini. "Yule mama wa miwani alinikumbatia. Nikalia kweli. Shangazi akaniambia nimefanya vizuri."

Mpiga Pasi alimvuta akamlaza kichwa mapajani, akamshika nywele. Hakumgombeza. Mtoto anayetumwa na wakubwa wawili atafanya nini. Alichomwomba ni kimoja tu, asimwambie mtu kwamba wamezungumza.

Usiku, wakati wa chakula, alimpa mumewe nafasi. Alimwekea mezani kama mtu anavyoweka sahani. Akamuuliza, watoto wamekwenda kulala na wifi yuko uani, kama ana jambo lolote la kumwambia.

Fundi friji aliacha kutafuna. Dada yake akakohoa huko nje, akiosha mikono.

"Nta imekwisha?" akauliza.

"Bado ipo."

"Basi sawa," akasema, akaendelea kula.

* * *

Alhamisi asubuhi aliupeleka mfuko wa nguo zake bandani mwenyewe, kama anayemsaidia wifi, akavaa sare ya kazi, akaaga. Wifi alimwambia kazi njema. Alimwambia pia kwamba sakafu ya leo ni nzuri kuliko zote, na kweli alikuwa anamaanisha.

Dukani aliomba ruhusa. Bosi alinuna, akamwambia siku hiyo haihesabiki, naye akasema isihesabike. Povu alimkabidhi soksi zimefungwa kwenye karatasi, nyeupe pe. Alikuwa amezilaza yeye kwenye dawa baada ya kuambiwa habari yote, na safari hii hakuwa na mzaha wowote. Alisema tu, "Nenda ukaishi."

Ndugu wale wawili walikuwa wamekwenda njia panda kupokea wageni. Mpiga Pasi akaingia nyumba tupu, na kwa mara ya kwanza akaiona kama wanavyoiona wao: safi, kimya, bila mwanamke. Akautoa mfuko bandani. Akatundika gauni la bluu kwenye dirisha moja na la maua kwenye dirisha la pili. Khanga akazitandaza juu ya makochi. Viatu vyake akavipanga mlangoni, kitana akakiweka juu ya meza. Akatandika blanketi mezani, akachomeka pasi, akaanza kunyoosha.

Walipofika, wifi ndiye aliyetangulia, akisema vueni viatu, karibuni, leo imekauka. Neno la mwisho likamkauka yeye mdomoni.

"Karibuni," Mpiga Pasi alisema. "Msivue. Ingieni tu navyo."

Mwanamke wa miwani na mumewe walisimama kizingitini. Mume akayatazama magauni dirishani, akamgeukia mwenye nyumba. "Huyu ni nani?"

Wifi alikuwa mwepesi. Alicheka kidogo, akasema ni dada wa kazi, anawasaidia usafi, leo amechelewa kumaliza. Pasi ilikuwa imesimama juu ya shati. Mpiga Pasi hakumtazama wifi. Alimtazama mumewe, yeye peke yake, na katika kutazama kule hakukuwa na hasira. Kulikuwa na kungoja.

"Nimekuuliza wewe, kaka," mgeni akasema. "Huyu ni nani?"

Fundi friji alikuwa ameshavua viatu vyake, kwa mazoea. Aliangalia vidole vya miguu yake juu ya saruji nyekundu.

"Anatusaidia," akasema.

Kitambaa kilianza kutoa harufu ya kuungua. Mpiga Pasi akaiinua pasi, akaisimamisha vizuri, akaichomoa kwenye umeme. Kisha akachukua kifurushi cha karatasi na kumpa mwanamke wa miwani kwa mikono miwili.

Mwanamke yule akafungua, akaona soksi, akaona uso. Akashusha miwani akaipandisha tena. "Wewe ni wa dobi. Mbona siku ile hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, mwalimu? Wewe ndiye uliyeniambia kwamba nimekufa. Nilitaka kwanza niwaulize walionizika." Akaelekeza kidole sakafuni. "Nta hii nachanganya mwenyewe. Mapishi yake hakuna mwingine anayeyajua humu ndani. Waulize."

Hakuna aliyeulizwa. Mgeni alisema yeye hanunui nyumba yenye mtu mzima ndani aliyefanywa maiti, akamshika mkewe mkono. Mwanamke wa miwani aligeuka mlangoni kama anayetaka kuomba radhi, akakosa pa kuanzia, akaishia kuinama kidogo, kama watu wanavyoinama msibani.

Wifi alipata maneno wageni walipofika mbali. Alisema nyumba ni ya mama yao, si ya mtu wa kuolewa. Alisema alimfundisha usafi mtu aliyekuwa anaishi jalalani, na hii ndiyo shukrani. Alisema mengi. Mpiga Pasi alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akamletea begi lake, lile lile alilokuja nalo. Alikuwa amemkunjia kila kitu ndani, nguo kwa nguo, kona kwa kona, na juu yake ameweka kile kikombe kisicho na mkono.

"Kaka, unaona?" wifi akasema. "Unamwacha?"

Kaka alitoka kwenda uani, pekupeku. Ndivyo alivyomjibu kila mtu.

* * *

Mama mwenzangu unayesoma haya, msaada si mbaya, na ratiba si mbaya. Nyumba safi ni raha. Lakini ukiona kabati linazidi kupangwa na nguo zako zinazidi kutoka, usijinuse mkono wa gauni. Uliza zinapelekwa wapi.

Watoto walirudi kutoka shule, wakapita kwa jirani kama walivyozoea, jirani akawaambia leo nendeni moja kwa moja kwenu. Mtoto wa kiume alisimama kizingitini na begi mgongoni, hajui aingie ama asiingie. Mama yake alikuwa amekaa sebuleni, kwenye kochi, miguu juu ya kigoda. Baba yake alikuwa uani, amekaa juu ya friji bovu la mteja, bado pekupeku.

"Mama, leo si Alhamisi? Si nyumba inapumua?"

"Inapumua," mama alisema. "Ingia."

Binti aliingia nyuma yake. Aliweka daftari zake chini, akaliteremsha gauni la bluu dirishani, akalikunja. Akateremsha na la maua. Akabeba nguo zote za mama yake mikononi, kidevu kikiwa juu ili asiangushe hata moja, akaenda nazo chumbani, na kutoka sebuleni walisikia mlango wa kabati ukifunguliwa, na binti akisukuma mashati ya baba yake pembeni ili nafasi ipatikane.